Soli za "nano" za kuchaji simu: mita inakudanganya

SWALI: Mimi ni fundi simu, Morogoro. Mteja kaniletea soli za viatu zenye "karatasi ya nano" inayotoa umeme ikipindwa. Nikikanyaga, mita inaruka mpaka volti 9, ila simu haichaji. Nikiongeza kapasita kubwa itasaidia?

JIBU: Haitasaidia, fundi. Kapasita ni ndoo tu ya kutunzia chaji, na bomba lako linadondosha tone.

Kinachonichosha ni hizo volti: ni msukumo tu, si wingi wa umeme. Kila anayeniletea kifaa cha namna hii ananionyesha mita! Chukua kiberiti cha gesi cha kubonyeza: ule mlio wa "tak" ni kinyundo kinagonga kipande cha kauri kinachotoa umeme kikigongwa, na cheche inayoruka ni ya maelfu ya volti. Nani amewahi kuchajia simu kiberiti? Funga taa moja ndogo nyekundu ya LED kwenye soli hizo, ukanyage. Itawaka mara moja na kuzima, maana chaji husogea wakati kitu kinapinda tu. Ukiachia inarudi ilikotoka, ukisimama hupati kitu.

Sayansi yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vya Columbia na Georgia Tech, Marekani, walipinda molibdenamu disalfaidi (mchanganyiko wa metali ya molibdenamu na salfa) ya tabaka moja, unene usiofika nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, ikatoa umeme. (Tabaka zikiwa mbili, umeme wake unafutana, hupati kitu.) Walipata milivolti 15 na pikoampia 20 (pikoampia ni sehemu moja ya trilioni ya ampia). Zidisha upate wati, kisha linganisha na chaja ya wati 5: ungehitaji karatasi zaidi ya trilioni 16. Kihisi kidogo kisicho na betri, sawa. Simu, hapana.

Na hata ungekuwa na karatasi ya miujiza, umeme unatoka kwenye miguu ya mteja wako. Mtu wa kilo 70 akibonyeza soli milimita 1 anatoa nishati ya jouli 0.7. Betri ya simu ya kawaida inameza kama jouli 55,000. Hizo ni hatua karibu 80,000, bila chembe kupotea njiani. Atembee kilomita 50 na ushei ndipo apige simu?

Wauzaji ni walewale. Jana walikuwa na kisanduku cha kuchomeka ukutani "kinachopunguza bili ya umeme". Nimefungua viwili: kapasita moja ya bei chee na taa ndogo ya kijani.