Aibu ilinifundisha kujificha tu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mvutaji sigara wa leo anaonewa. Haonewi. Ila anasemwa sana na kusaidiwa kidogo.

Mimi nilianza kwa kutumwa dukani. Marehemu baba alikuwa akinipa sarafu: "Kaniletee sigara moja, ije imewaka." Pale dukani kulikuwa na koroboi kwa kazi hiyo hiyo. Unainamisha sigara kwenye utambi, unapiga pafu moja ishike, njiani unapiga jingine isizimike. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna aliyeshangaa. Kwenye basi abiria akiwasha, mama mwenye kichanga ndiye aliyefungua dirisha. Siku hizi mzazi akimtuma mtoto vile mtaa mzima utamsema, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Hata msikitini, utotoni nilisikia kwamba sigara ni makuruhu; sasa nasikia ni haramu. Yote sawa.

Lakini kusemwa hakukuniachisha. Kulinifundisha kutafuna karafuu kabla ya kuingia ndani, na kuibana sigara kwa vijiti viwili ili vidole visinuke. Mke wangu alijua. Nami nilijua kwamba anajua. Tuliishi hivyo miaka.

Kilichonitia mawazo ni Ramadhani. Mchana kutwa sivuti na sifi. Nikotini nusu yake hutoka mwilini ndani ya saa mbili hivi, kwa hiyo ikifika Alasiri sehemu kubwa yake imeshatoka, nami bado nimesimama. Halafu Magharibi inaadhiniwa, nafungua kwa tende moja na sigara tatu! Nikajiuliza mchana nguvu naipata wapi. Jibu lilikuwa mbele yangu: mchana hakuna anayevuta karibu yangu, wala anayenikaribisha. Tumefunga sote. Usiku kila mtu na lake.

Basi mwaka huo nikamwendea jirani yangu, mzee mmoja fundi wa bao, nikamwambia ukweli. Hakunipa mawaidha. Alisema, "Njoo baada ya tarawehe tucheze." Usiku wa tatu ndio uliokuwa mbaya: arosto imenishika, jasho linanitoka, nahesabu kete vibaya, natukana. Mzee akanifunga michezo minne mfululizo na kunicheka. Nilikwenda hivyo mwezi mzima, na baada ya Idi nikaendelea kwenda.

Huu ni mwaka wa tatu tangu niache. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mara mbili peke yangu, kwa siri, nisije nikashindwa watu wakajua.

Mangi wa dukani bado akiniona kwa mbali mkono wake unakwenda wenyewe kwenye pakiti. Nikifika namwambia nataka pipi ya kifua.