Karatasi za Mirathi Zenye Majina ya Watumwa: Je, Tuzichome?

Swali: Assalaamu alaykum, sheikh. Baada ya baba kufariki tulifungua sanduku la babu yake hapa Malindi, tukakuta karatasi za mirathi kwa hati ya Kiarabu. Zinataja minazi, ng'ombe, kisha watumwa, kila mmoja kwa jina na thamani yake kwa riale. Ndugu zangu wanataka tuzichome, kwani shambani wamo wakaazi waliotokana na watumwa hao, nao hutulipa kodi ya ardhi. Je, mirathi yetu ni halali?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Msizichome. Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 283, "Wala msifiche ushahidi", na karatasi hizo ni ushahidi wa watu ambao huenda hawana maandishi mengine yanayowataja wazee wao. Watumwa wa pwani aghalabu waliandikwa kwa majina waliyopewa na mabwana, kama Mabruki, Baraka au Faida, bila jina la baba. Ukiunguza jina hilo moja, umemkatia mjukuu nasaba yake.

Dhambi ya babu si yako, kwa kuwa Qur'ani yasema hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Lakini aya hiyo haifuti haki za watu zilizosalia mikononi mwa warithi, na sote twajua kwamba deni la maiti hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa.

Wapo watakaokwambia kwamba utumwa uliruhusiwa. Hilo halitoshi, ndugu yangu. Wengi waliolima mtama na ufuta Malindi tangu miaka ya 1860 walikuwa watu huru waliotekwa bara, na katika hadithi qudsi (maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume) aliyoipokea Bukhari, mmoja kati ya watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Kisha Waingereza walipoufuta utumwa hapa pwani mwaka 1907, fidia walipewa mabwana. Na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ikamthibitishia ardhi aliyeweza kuidai kwa hati, ilhali aliyeilima hakuwa na hati yoyote. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu kodi mnayopokea leo imeota katika mizizi hiyo.

Siwezi kuliharamisha shamba zima kwa karatasi nisizoziona. Zichunguzeni vizuri, maana baadhi ya mabwana waliwaacha huru watumwa wao na kuwawekea wakfu kipande cha shamba, na mkikuta maneno hayo, kipande hicho hakirithiwi kamwe. Kodi isimamisheni tangu sasa, na suala la mirathi mlipeleke kwa kadhi. Kabla ya kwenda, waiteni wazee wa wakaazi, mzisome karatasi pamoja nao, jina kwa jina, na muwape nakala.