Wasomaji Wanauliza: Maji ya Mvua Yaliyonaswa Ndani ya Milango ya Gari

SWALI: Nina gari dogo lililotoka Japani likiwa limetumika, lenye usukani upande wa kulia. Tangu mvua za Septemba zilipoanza, kila ninapofunga breki au kukata kona nasikia maji yakichapa ndani ya mlango wa dereva. Fundi mmoja ameniambia kwamba maji hayo yanarushwa na magurudumu na kuingilia kwenye vitundu vilivyo ukingoni mwa chini wa mlango, na ananishauri tuvizibe kwa mastiki au silikoni. Je, nikubali? — Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Vitundu hivyo ndivyo njia ambayo maji yamewekewa ili yatoke, na ukiviziba utakuwa umeugeuza mlango wako kuwa pipa. Namheshimu kila fundi anayechafua mikono yake kazini, lakini ushauri huu umeharibu milango mingi mno katika miji yetu kiasi kwamba siwezi kuupitia kwa upole.

Wengi wetu tunadhani kwamba mlango wa gari umetengenezwa usipitishe maji hata tone, kumbe sivyo. Kioo kinapopanda na kushuka hupita katikati ya mipira miwili, mmoja wa nje na mwingine wa ndani, na ule wa nje kazi yake ni kupangusa kioo na kupunguza maji, wala haukuwekwa ili uyazuie yote. Kwa hiyo kila mvua inaponyesha, maji kiasi huteleza juu ya kioo, hupenya kwenye mpira huo, hushuka nyuma ya bati la nje hadi chini ya mlango, kisha hutokea kwenye vitundu, ambavyo kwa kawaida huwa viwili au zaidi, yakadondoka chini bila mwenye gari kutambua lolote. Maji kuingia ni jambo la kawaida. Ugonjwa huanza yanapokosa pa kutokea, na sauti unayoisikia inakuambia kwamba vitundu vya mlango huo vimeziba.

Kwa nini vizibe Goma kuliko kwingine? Mji wenu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mitaa mingi, hasa ile iliyofunikwa na lava ya Januari 17, 2002, ina changarawe nyeusi ambayo magurudumu huisaga kuwa vumbi lenye makali. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi hilo hushika kwenye vioo, huingia mlangoni kila kioo kinaposhushwa, na kulala chini likisubiri. Mvua za kwanza hulifanya tope zito linaloganda juu ya vitundu. Ikiwa mlango uliwahi kugongwa na kunyooshwa, chunguza pia kama mastiki au rangi ya garaji haikuviziba, kwa maana hilo hutokea mara nyingi, na hapo hata mvua ndogo inatosha kuujaza mlango.

Kabla ya kufanya lolote, acha kukitumia kioo cha mlango huo kama ni cha umeme, kwa sababu mota yake na viunganishi vya waya vimo humo humo, na maji yakivifikia huvitia kutu ya kijani inayokata umeme. Egesha gari mahali tambarare, fungua mlango wazi kabisa, weka beseni chini yake, kisha pitisha vidole polepole kwenye ukingo wa chini hadi uvione vitundu. Katika magari mengine vimefunikwa na kipande cha mpira chenye mwanya, ambacho hakipaswi kung'olewa bali kuminywa na kusafishwa. Tumia kamba ya plastiki, kama ile ya kufungia waya, uizungushe kidogo kidogo ndani ya kitundu. Msumari na bisibisi viweke mbali kabisa: vitaukwaruza mlango hadi kwenye chuma kitupu, na kutu itaanzia hapo hapo ulipodhani umetengeneza.

Maji yatatoka meusi, na huenda yakawa mengi. Yakiisha, usiridhike bado, kwani tope lililobaki litashuka tena mvua inayofuata. Pandisha kioo hadi juu, chukua jagi la maji safi, uyamwage taratibu kwenye kioo kwa upande wa nje ili yapite njia ile ile ya mvua, na urudie hadi yanayotoka chini yawe meupe na yatoke kwenye kila kitundu. Mashine ya maji ya nguvu haifai kwa kazi hii, kwa sababu husukuma maji hadi mahali ambapo mvua isingefika. Baada ya hapo acha mlango ukauke juani, na ufanye vivyo hivyo kwa milango mingine mitatu hata kama haijalalamika, kwa kuwa imekula vumbi lile lile.

Jambo la mwisho kwako ni kutu. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikichanganyika na mvua huyafanya maji yawe na tindikali, ambayo hula chuma upesi kuliko maji ya kawaida. Mabati ya nyumba zenu ni ushahidi tosha. Ukiona rangi imefura kama malengelenge kwenye ukingo wa chini, kutu imeanzia ndani na inatokea nje. Mlango ukishakauka kabisa, mwambie fundi apulizie ndani nta ya kuzuia kutu, naye ahakikishe mbele ya macho yako kwamba nta hiyo haikuziba vitundu.

SWALI: Mimi sisikii maji mlangoni, na vitundu ni safi, lakini zulia la mbele upande wa abiria hulowa kila mvua inyeshapo. Gari hulala kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Miezi michache iliyopita niliwekewa spika mpya. — Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Spika hizo ndizo ninazozishuku kwanza. Nyuma ya kava ya ndani ya mlango kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye chuma, na kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango ili yashuke hadi kwenye vitundu. Anayeweka spika au kutengeneza kioo hulazimika kuibandua, na asiye mwangalifu huirudisha ikiwa imechanika, au haibandiki tena kabisa. Maji hupita hapo, hushuka nyuma ya kava, huvuka kizingiti na kuingia zuliani. Mteremko wa Kadutu unaongeza shida, kwani gari likiinamisha pua, maji yote hukimbilia kona ya mbele ya mlango, na huko ndiko spika iliko.

Ondoa kava, baada ya kutenganisha betri na kusubiri dakika kadhaa, maana baadhi ya magari yana vifaa vya mifuko ya hewa milangoni. Tazama kama plastiki ni nzima. Iliyochanika ibadilishwe kwa nailoni nene, ibandikwe pande zote kwa utepe wa butili, yaani mpira unaonata, ambao hubaki laini kwa miaka, na ukingo wake wa chini uingizwe ndani ya mlango ili maji yanayoteleza juu yake yaangukie humo. Silikoni yenye harufu ya siki isitumike, kwa sababu hula chuma na haishiki vizuri kwenye nailoni. Zulia nalo lisiachwe likauke lenyewe mahali pake; lifunuliwe, na sponji iliyo chini yake itolewe ianikwe, la sivyo sakafu itaoza huku juu pakionekana pakavu.

Ukikuta plastiki ni nzima na imeshika barabara, achana na mlango na ufungue boneti: majani yaliyojaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele huleta unyevu mahali pale pale.

SWALI: Mpira wa nje wa kioo umekauka na kupasuka. Je, niubadilishe, au nitoboe vitundu zaidi chini ya mlango? — Msomaji wa Ndosho, Goma

JIBU: Badilisha mpira, usitoboe. Kitundu cha kutoboa huacha chuma bila rangi mahali penye maji siku zote. Unapokwenda kununua mpira beba ule wa zamani, ukaulinganishe urefu na vishikizo vyake kabla ya kulipa, kwa sababu ya kushoto na ya kulia haiingiliani.