Maswali Yenu: Malezi ya kambo Texas, nani hulipa na nani huamua

SWALI: Sisi ni Wakongo, tunaishi Abilene, Texas. Serikali imemchukulia mdogo wangu watoto wake wawili. Nimeomba kuwalea. Mpelelezi wa serikali ananituma kwa shirika, na shirika linasema mwenye uamuzi ni hakimu. Nimshike nani?
Mama Furaha

JIBU: Pole sana, Mama Furaha. Wote wawili wamekwambia kweli. Sheria namba 11 ya Seneti ya Texas, ya mwaka 2017, iligawa kazi hii. Upelelezi wa kunyanyaswa au kutelekezwa kwa mtoto umebaki kwa idara ya serikali. Kutafuta makazi, na baadaye kusimamia kesi yenyewe, kunakabidhiwa kwa awamu shirika moja lenye mkataba wa eneo zima. Uamuzi wa mtoto akae wapi na lini arudi nyumbani ni wa hakimu, na sheria hiyo haikuugusa.

Basi fanya haraka. Kikao kikubwa cha kwanza huwa ndani ya siku 14 tangu watoto wachukuliwe. Mdogo wako hupewa fomu ya kuandika majina ya watu watatu wanaoweza kuwapokea watoto. Hakikisha lako limo, pamoja na simu na anwani unayoishi sasa. Familia nyingi hukwama hapa, kwa kuacha fomu wazi au kuandika namba iliyokwisha kufungwa. Nenda kortini siku hiyo, umwombe wakili wa mdogo wako amweleze hakimu kwamba upo tayari. Utakaguliwa rekodi ya polisi, wewe na watu wazima wa nyumbani kwako, na nyumba itatembelewa: watoto watalala wapi, dawa zinafungiwa wapi.

Dai mkalimani wa Kiswahili. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia bila malipo. Tafadhali msikubali mtoto awatafsirie wazazi mambo ya kesi yake mwenyewe.

Kuhusu fedha, ulizia mapema. Ndugu asiye na leseni ya ulezi hupata msaada mdogo wa muda, usiozidi nusu ya kiwango cha chini cha mlezi wa kambo, tena kwa kuangalia kipato chake. Ukitaka malipo kamili, omba leseni.

SWALI: Shirika letu dogo la Fort Worth limealikwa kuwa chini ya mkandarasi mkuu wa malezi ya kambo, yaani lile shirika lenye mkataba wa eneo zima. Mbona wakandarasi wengine walijitoa?

JIBU: Hesabu ni sababu kubwa, ingawa si pekee. Mkandarasi wa kwanza wa ukanda wa Abilene aliacha mkataba mwaka 2014, kabla hata ya sheria ya 2017, akilalamikia hasara. Mwaka 2021 mkataba wa San Antonio nao ulivunjika.

Mkandarasi hulipwa kiwango cha wastani kwa kila mtoto kwa siku, na haruhusiwi kumkataa mtoto yeyote. Tuseme wastani ni dola 100 na watoto ni 200: anaingiza dola 20,000 kwa siku. Wakipatikana 20 wenye mahitaji mazito, kila mmoja akilala mahali pa dola 500, nusu ya fedha imekwisha. Wale 180 wanabaki na kama dola 55 kila mmoja, na bado hujalipa mafuta ya gari wala mishahara. Nafasi zilipokosekana, watoto walikuwa wakilazwa ofisini, jambo ambalo bunge la Texas lililazimika kulipiga marufuku kwa sheria ya 2021. Kwa maoni yetu marufuku hiyo ni ya haki, ila haizai kitanda hata kimoja.

Kabla ya kusaini, someni vipengele vitatu. Mtalipwa siku ngapi baada ya kupeleka ankara? Mtoto akizidiwa, nani hubeba gharama mpaka tathmini mpya ya mahitaji yake itoke? Na sharti la kutokataa mtoto, je, linawabana ninyi pia au mkandarasi peke yake? Kipengele cha pili kikiwa hakijaandikwa, msisaini. Wiki tatu za kusubiri tathmini ya mtoto mmoja zinatosha kumaliza akiba ya shirika dogo, na mtoto ndiye atakayehamishwa.