Fundi wa Vioo Anajibu: Darubini ya baba, nitengeneze au ninunue nyingine?

Swali: Shikamoo mzee. Baba yangu alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji wa leseni katika Pori la Akiba Maswa. Alipostaafu, mgeni mmoja alimwachia darubini yake, ile ya zamani yenye mabega, imeandikwa Jena 8x30. Sasa nami nafanya kazi hiyohiyo. Tangu iliponiangukia kwenye gari, nikitazama nusu saa kichwa kinauma. Gurudumu la katikati limekuwa gumu, na upande wa kulia naona kama utando. Fundi mmoja wa saa ameniambia niitupe. Nifanyeje? (Msomaji, Lamadi)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiitupe. Nina miaka zaidi ya thelathini kwenye meza hii ya Kirumba, natengeneza kamera, miwani na darubini, na hizo za mabega ndizo ninazofurahi kuziona zikiingia mlangoni, kwa sababu zilitengenezwa zifunguke.

Tuanze na kichwa, maana hapo ndipo penye tatizo kubwa. Ndani ya kila bomba mna prizimu mbili, yaani vipande vya kioo vya pembe tatu, vimebanwa kwa utepe mwembamba wa chuma. Darubini ikianguka, prizimu moja husogea kiasi cha unywele, na bomba moja likawa linatazama juu kidogo kuliko jenzake. Macho huvumilia picha zilizoachana kwa ubavu, kwa kuwa kila siku yanageuka ndani tunapotazama kitu cha karibu. Lakini jicho moja lipande na jingine lishuke, hilo hayakuzoea kabisa. Yanajikaza, yanachoka, ndipo kichwa kinapogonga. Hakikisha mwenyewe: elekeza kwenye ukingo wa paa la bati lililo mbali, kilomita moja au zaidi, kisha iondoe darubini machoni polepole mpaka iwe umbali wa kiganja. Ukiona mstari wa paa umekatika, upande mmoja juu na mwingine chini, basi ni prizimu.

Kwenye hiyo yako, lenzi kubwa za mbele zimekaa ndani ya pete mbili ambazo unene wake haulingani pande zote. Ukizungusha moja ndani ya nyingine, lenzi inahama kidogo kidogo hadi picha zikutane. Mimi hufanya kazi hiyo jioni upepo wa ziwa ukitulia, darubini imebanwa kwenye jiliwa, nikilenga mnara wa simu ulio mbali kilimani. Usijaribu nyumbani. Na fundi yeyote utakayempelekea, muulize kwanza atajuaje kwamba mabomba yote mawili yanatazama mahali pamoja. Akikuambia ataishika tu mkononi na kuchungulia, chukua mali yako uondoke.

Huo utando usiuache hata mwezi. Ingia chumba cha giza, mulika kwa tochi ya simu kupitia lenzi ya mbele, uangalie kwa kuinamisha kidogo. Nyuzi zilizotawanyika kama mizizi ya nyasi ni kuvu. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini ndio shamba lake. Kuvu changa hufutika. Ikikaa, hutoa asidi inayokula ule utandaji mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Mama mmoja aliwahi kuniletea darubini ya marehemu mumewe, ilikuwa sandukuni tangu msiba. Nilitoa prizimu, nikazifuta kwa spiriti, nyuzi zikaondoka zote, lakini njia zilimopita zilibaki zimechorwa kwenye kioo. Iliniuma kumrudishia hivyo, maana ingeletwa mapema ingepona.

Gurudumu ni grisi ya zamani imekauka, itasafishwa na kupakwa upya. Usiweke mafuta ya cherehani wala ya kula, yatatambaa mpaka kwenye vioo.

Sasa upande wa kununua, nakwambia kama ningemwambia mwanangu wa kumzaa. Kwenye 8x30, 8 ni mara inazokuza, na 30 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 30 kwa 8 unapata 3.75: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni mwako. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Kwa hiyo alfajiri, mnyama akiwa bado kivulini, darubini ya baba inakunyima mwanga ambao jicho lako lingeupokea. Ukijaliwa fedha, tafuta 8x42 isiyopitisha maji, iliyojazwa nitrojeni, ndiyo iende porini. Hiyo usiruhusu fundi wa mtaani aifungue, gesi ikitoka ukungu utaingia ndani. Ya baba itengeneze uitumie mchana. Ihifadhi nje ya mkoba, kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya.

Swali: Fundi, mimi ni mvuvi wa Ukerewe. Machinga ananiuzia darubini yenye vioo vyekundu, imeandikwa 20x50. Itanifaa mtumbwini? (Msomaji, Nansio)

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ule wekundu ni rangi inayorudisha mwanga mwekundu nje, kwa hiyo unabaki na picha ya kijanikijani iliyofifia. Na mtumbwi ukiyumba kidogo, darubini inayokuza mara 20 inakuza na huko kuyumba mara 20, hutasoma hata namba ya boti iliyo mbele yako. Mabaharia wametumia 7x50 kwa miaka mingi, nawe tafuta hiyo, hata iliyotumika. Kabla hujalipa ifanyie lile jaribio la paa la bati hapohapo kibandani, na umulike kwa tochi.