Rupia ya Mjerumani: pima kabla hujatoa hela

Ukijulikana Arusha au Moshi kuwa unanunua sarafu za zamani, rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni wake, utaletewa tu, halisi na feki. Anza na mwaka. Za fedha (madini ya silva) zilipigwa kati ya 1890 na 1914. Mwaka 1916 Tabora walipiga heller (sarafu ndogo za chini ya rupia) za shaba na rupia 15 za dhahabu, kwa hiyo ukiletewa rupia ya fedha ya 1916, mrudishie mwenyewe bila kubishana.

Sumaku inaaminiwa kupita kiasi. Ikinasa, hiyo si fedha, mchezo umeisha. Isiponasa bado hujajua kitu, maana shaba na risasi nazo hazinasi.

Kazi yenyewe iko kwenye mizani. Tafuta ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01; ya kupimia nyanya haifai. Rupia mpya ina gramu 11.66, na fedha ndani yake ni asilimia 91.7. Iliyolika kwa matumizi hupungua kidogo. Iliyozidi uzito ndiyo ya kutilia shaka, kwa sababu sarafu haiongezeki kwa kushikwashikwa.

Halafu maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote. Namba unayoiona ndiyo ujazo wa sarafu, maana gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawa uzito kwa namba hiyo: 11.66 kwa 1.13 ni kama 10.3, na hiyo ni fedha ya daraja hili. Ukipata 8.9 umeshika shaba, hata ing'ae vipi. Sarafu ikigusa kitako cha kikombe, mizani inabeba uzito wake na hesabu yote inaharibika. Viputo vikiganda kwenye maandishi, ujazo unakua na fedha halali inaonekana feki. Tone la sabuni ya maji huviondoa. Rudia mara tatu, kwani kosa la 0.02 tu linashusha jibu hadi 10.1.

Ukingo ukaguliwe kwa lenzi: mshono au vipele maana yake imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa.

Asidi iache, inaacha doa na bei inashuka. Usiing'arishe pia.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya kabla ya 1948 ni fedha asilimia 25 tu, na za kuanzia mwaka huo hazina kabisa. Hizo nunua kwa ajili ya historia, si kwa bei ya fedha.