Kama hapa si kwetu, kiwanja cha nini?

SWALI: Shikamooni. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Tumepanga miaka 11 na watoto wetu ni watatu. Nina akiba ya kikoba, nataka tununue kiwanja. Yeye anasema Mkristo ni mpitaji, "wenyeji wetu uko mbinguni", tukijenga tutajifunga na dunia. Je, Biblia iko upande wake?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Aya anayoitumia mzee ni Wafilipi 3:20, na ni ya kweli kabisa. Lakini atazame waliandikiwa akina nani. Filipi ulikuwa mji wa Makedonia ambako Warumi waliwagawia ardhi askari wao wastaafu baada ya vita vya mwaka 42 K.K. Watu hao walikuwa raia wa Roma, na Roma yenyewe iko ng'ambo ya bahari. Hawakukaa na mabegi mlangoni wakingoja safari. Walilima, wakajenga, wakafuata sheria na desturi za Roma palepale walipo. Neno la Kiyunani alilotumia Paulo, politeuma, ni la uraia: linahusu unaishi kwa sheria ya nani, halihusu kama una paa lako au la. Tena aya hiyo inamtazamia Mwokozi aje kutoka mbinguni, jambo ambalo wengi hulipita wanaponukuu nusu ya kwanza.

Halafu msome pamoja Mwanzo 23. Ibrahimu, ambaye Waebrania 11 inamtaja kama mpitaji aliyekaa hemani, alifiwa na Sara akahitaji mahali pa kuzika. Aliwaambia Wahethi, wenyeji wa nchi ile, wazi kwamba yeye ni mgeni kwao. Efroni, mwenye shamba la Makpela, alitaka kumpa bure, lakini Ibrahimu akakataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa langoni mwa mji. Vikatajwa shamba, pango, na hata miti iliyomo ndani ya mipaka. (Wanunuzi wangapi wa leo huuliza miti ni ya nani?)

Hofu ya mumeo si ya kupuuzwa, hata hivyo. Katika 1 Wakorintho 7 Paulo hakatazi kununua. Anataka anunuaye awe kama hana kitu. Pa kuharibikia panajulikana: nyumba inaanza kula sadaka, kisha ada ya watoto, kisha mnakopa ili mpige bati kabla ya jirani. Basi kubalianeni mipaka kabla ya kutoa hata shilingi. Kiwanja kitoke kwenye akiba, si mkopo. Sadaka na ada zisiguswe. Ujenzi usimame fedha ikiisha, hata kama ni kwenye msingi, na majirani waseme watakavyo.

Siku ya kununua, fanyeni kama Ibrahimu. Msilipe kabla ya kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhakikisha muuzaji ndiye mwenye kiwanja na hakina mgogoro. Tembeeni mpakani mkiwa na majirani wa pande zote. Malipo yapite benki, mkataba usainiwe mbele ya mashahidi, na majina yenu wote wawili yaandikwe.

Mkimaliza, mwombe mzee aandike wosia. Kwa mtu anayesema yuko safarini, hilo asingepaswa kulikataa.